Hakuna Mdudu

Neno hilo nimeliandika miaka kumi na minne,
kalamu ya bluu, vikaratasi vya zahanati ya Ipole,
hadi mkono ukalijua bila kuniuliza:
*hakuna*. Tarehe. Sahihi. Mwingine aingie.

Kalunde aliingia mara tatu msimu wa kukausha tumbaku.
Homa siku nne, nafuu wiki, homa tena,
kama mdai anayeijua siku ya mauzo.
Kipimo cha malaria kilitoa mstari mmoja.
Mseto alipewa hata hivyo,
maana homa isiyo na jina humwaibisha mganga.
Mara ya tatu alikuja bila lile tumbo.

Kwa kina Mihambo shauri lilikwisha katwa:
"Sisi tumezaliwa nyumba hii, tumelala sakafu hii,
mbona hatuumwi? Mkosi kaja nao mwenyewe
toka Cheyo, kwenye nyumba zao za saruji."
Nilinyamaza. Mimi ni mtu wa kioo na damu.
Ya ukweni hayamo kwenye mwongozo.

Mwaka uliofuata akafika Daktari Nsiande, mtafiti,
na kisanduku cha barafu ambacho hakukifungua.
Aliomba slaidi zangu kuukuu, zile za *hakuna*,
mia mbili na sita, kwenye boksi la viatu.
"Tuzisome upya," akasema. "Ila leo usitafute malaria."

Usitafute malaria!
Mwambie mrina asali asisikilize nyuki.

Umeme ukakatika saa nne.
Tukageuza kioo cha hadubini kikinge jua la dirishani,
na pale, nje ya chembe, si ndani nilikozoea kuchungulia,
uzi.
Uzi uliojisokota kama springi ya kalamu.
Nyuzi za namna hiyo nilikuwa naziita uchafu wa rangi.
Slaidi kumi na moja zilikuwa nao.
Ya tisa ilibeba mwandiko wangu:
*Kalunde M., miaka 22, mimba miezi sita.*

Tukaenda kwao. Kwa kijiko nilichokonoa ufa
chini ya kitanda, nikamwaga vumbi juu ya kitambaa cheupe.
Vumbi likatulia. Tukangoja.
Kisha punje moja ya vumbi ikaota miguu.
"Papasi?" mama mkwe akacheka. "Hao wenyeji."
Ndiyo, mama. Na damu yenu ni ya wenyeji pia,
iliisoma homa hii tangu utotoni.
Mgeni ndiye aliyeletewa barua asiyojua kuisoma.

Kalunde alikuwa na mimba nyingine, miezi mitano,
na homa ya siku ya pili. Safari hii niliona.
Sindano saa tano. Saa saba akaanza kutetemeka
hadi miguu ya kitanda ikatembea sakafuni,
na Mihambo akanikamata kola: "Umemchoma nini?"
Nsiande alishatuonya: wale wadudu wakifa kwa mkupuo
mwili huelemewa na maiti zao.
Dripu. Presha kila robo saa.
Sabini. Sabini. Sitini na nane.
Sijui dua niliyoisoma ilikuwa ya dini gani.
Themanini.

Magharibi jasho likamtoka, shuka likalowa,
akaomba matobolwa. Si uji, matobolwa.
Mkunga akaweka fimbo ya kusikilizia tumboni,
akanyanyua kidole: tunyamaze.
Akatabasamu ukutani.

Kalunde akatafuna polepole, akiniangalia.
"Na ile ya mwaka jana," akauliza, "ilikuwa hii hii?"

Slaidi ya tisa ilikuwa mfukoni mwa koti langu,
wiki nzima imo, imefungwa kwa karatasi ya sigara.
Nikaitoa. Nikamwekea kiganjani.
Akaiinua kwenye mwanga wa mwisho wa dirisha,
akafumba jicho moja, akafumba la pili, akajaribu tena.

"Sioni kitu," akasema.

"Hata mimi," nikamwambia, "sikuona."